Siku Kumi na Moja za Tamarack

Ypsilanti, Michigan
9 Septemba 2023

Kaka Arvil,

Pokea salamu za huku. Mimi mzima, ila magoti yangu yana maoni yao kila ninapopanda ngazi. Duka la pili la kufulia limepata mashine nne mpya, na zote nne zinafanya kazi, jambo ambalo halijatokea tangu nianze biashara hii. Tessa binti yangu anakusalimu.

Haya, nimekwisha salimia.

Binamu Lurene alinipigia simu Jumanne. Anasema umeuza msumeno wako wa mnyororo. Arvil, wewe ni mtu wa miaka sitini na nane, unaishi korongoni peke yako na mbwa, nyumba yako inapata joto kwa jiko la kuni, na huu ni mwezi wa Septemba. Nimekaa na jambo hili siku nne nikilipigia hesabu na halitoki. Mtu wa kuni akilazimika kuuza msumeno, anauza Aprili, baridi ikiisha. Hauzi Septemba.

Ningekupigia simu, lakini sote tunajua mwisho wake. Mimi napiga kelele, wewe na masikio yako unajibu "sawa, sawa" bila kuambulia neno, halafu Lurene anashika simu kunieleza ulichodhani nimesema. Kwa hiyo naandika, na nataka jibu la maandishi.

Uliuza kwa nini?

Dada yako,
Delphia


Laurel Lick, Kentucky
21 Septemba 2023

Delphi, mdogo wangu,

Barua yako imefika, na mbwa ameinusa kabla yangu akaona haina kitu cha kula. Nyanya zimekwisha. Maharage nimeyatunga kwenye uzi na kuyatundika ukutani, futi ishirini na mbili, maana najua utauliza. Kanisani wamepaka mlango rangi ya kijani. Sasa ukiingia unadhani unakwenda kuomba mkopo.

Msumeno ulikuwa mzito. Mtu anafika umri kitu kinamlemea, anakiachia wenye nguvu. Nitatumia shoka.

Msalimie Tessa. Mwambie mjomba wake bado ana meno yote ya mbele.

Kaka yako,
Arvil


Ypsilanti
30 Septemba 2023

Kaka,

Nimefurahi kuhusu meno.

Ule msumeno una uzito wa ratili kumi na tatu. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekununulia, Krismasi ya 2016, na nililipa usafiri kwa uzito. Shoka lako, lile la baba, lina ratili sita, lakini shoka hulinyanyui mara moja, unalinyanyua mara mia. Kwa hiyo umeacha ratili kumi na tatu kwa sababu ni nzito, ukachukua mia sita. Unaniona mtoto?

Nimemuuliza Lurene mambo mengine. Usimkasirikie, nilimbana. Anasema vidonge vyako vya shinikizo la damu vimekwisha tangu katikati ya Agosti na hujaenda kuvichukua. Anasema pia ulimlipa mwenye kiwanja kodi ya Septemba kwa noti za ishirini zilizokunjwa, na aliyenunua msumeno ndiye mtu pekee hapo korongoni anayetembea na noti za ishirini.

Kwa hiyo nauliza kitu kimoja tu. Ile posho ya serikali, ya wazee wasio na pensheni, bado inakuja?

Delphia


Laurel Lick
18 Oktoba 2023

Delphi,

Huku majani yameanguka, na sasa naiona nyumba ya Lurene waziwazi, na yeye ananiona. Naona hilo limekufaa.

Haiji. Nakutumia barua yao, sipendi kuiona mezani. Ni ya tarehe 11 Julai. Wanasema kuna hati ya kunikamata, imetolewa na mahakama ya Kaunti ya Tamarack, huko kwenu Michigan, tarehe 2 Juni 1981. Kosa, kutoroka kifungoni. Na sheria yao inasema mtoro halipwi posho. Agosti ikapita kapa, kadi ya matibabu nayo ikafa, kwa sababu ilikuwa imepanda mgongoni kwa posho.

Sisemi wamekosea. Mtu aliyetajwa ni mimi.

Usiniulize zaidi. Nina maharage, nina shoka. Nilikuwa hai kabla ya posho.

Arvil


Ypsilanti
27 Oktoba 2023

Arvil,

Leo sisalimii.

Mwaka 1984 niliolewa. Ulisema una homa. Tessa alipobatizwa ulisema gari limeharibika, na hukuwa na gari. Mwaka 2009 nilimzika Stan, nikasimama kaburini mimi na msichana wa miaka ishirini na mmoja, upande wa mume wangu watu arobaini, upande wangu hakuna hata mmoja. Ukatuma keki ya matabaka ya tufaha kwa posta. Nzuri. Nikaila nikilia kwa hasira. Kwa miaka arobaini na miwili hujavuka Mto Ohio hata mara moja kuja kwangu, na mimi nimewaambia watu kaka yangu ana kiburi cha milimani, anaona sisi tulioenda kaskazini tumejiuza.

Ni kwa sababu ya karatasi hii?

Sijui kama nikuonee huruma au nikupige na kitu. Kwa sasa nimechagua kuuliza maswali.

Nilikwenda kwa wakili wa msaada wa bure. Kijana mmoja, tai imepinda, lakini kichwa kinafanya kazi. Nilidhani serikali inakata posho kwa hati yoyote ya kukamatwa. Akasema, "Hapana, mama. Ilikuwa karibu hivyo zamani, watu wakashtaki, wakashinda. Siku hizi kwa hati peke yake wanakata ukiwa umetoroka kifungo, au umekimbia kesi. Hati ya faini ya mbwa haimnyimi mtu posho." Nikamwambia kaka yangu, kama kawaida yake, amechagua ile moja inayokata.

Lakini kuna mlango. Kosa liwe halikumdhuru mtu wala halihusu dawa za kulevya. Uwe hujapatikana na kosa kubwa tangu hapo. Na kaunti yenyewe iseme kwa maandishi kwamba haina mpango wa kuja kukuchukua. Vikitimia vyote, ofisi inaweza kukurudishia posho hata kama hati bado ipo. Ombi liingie ndani ya miezi kumi na miwili tangu barua yao. Julai hadi Oktoba umekwisha kula mitatu ukitunga maharage.

Kwa hiyo naenda Tamarack mwenyewe. Ni maili mia moja na thelathini na nane. Ila kwanza nataka kujua naenda kuulizia nini. Ulifungwa kwa kosa gani? Na mtu anatorokaje kifungo halafu anakuja kukaa korongoni kwao, kwa jina lake, miaka arobaini, bila mtu kumfuata?

Delphia


Laurel Lick
9 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Ile keki ilinichukua siku mbili. Nashukuru uliila.

Usiende Tamarack.

Nitakueleza, ukishajua huna haja ya kwenda. Nilikuwa nakata mawe ya makaburi kwenye yadi moja kule. Unakumbuka, mama alikufa Oktoba 1980, tukamweka chini bila jiwe. Mwenye yadi alikuwa amenizuilia mshahara wa wiki tano. Nikachukua jiwe, la kijivu, halina maandishi. Nikaona tumelipana. Hakimu hakuona hivyo. Akanipa siku tisini kuanzia Machi 11.

Nilikaa vizuri, sikumsumbua mtu. Mei wakatutoa kufyeka majani kando ya barabara kuu. Ijumaa ile, tarehe 29, ilikuwa Ijumaa kabla ya Jumapili yetu ya makaburi, ya kuwapambia wafu wetu. Delphi, nilisimama na mundu mkononi nikaona watu wote wa milimani wanapita kurudi nyumbani. Gari baada ya gari, maua ya plastiki yamejaa kwenye kioo cha nyuma, watoto wamelaliana, bibi mbele na sufuria mapajani. Nikahesabu hadi thelathini na moja. Nami najua kaburi la mama halina jina, na hii ndiyo Jumapili yake ya kwanza, na watakuja watu wote wa korongo, watakula pale juu na kuimba, na watalizunguka hawajui ni nani. Jiwe lilikuwa kwenye kasha ghalani kwa baba, tupu kama sahani. Hakuna mwingine wa kulichonga.

Gari la thelathini na mbili lilipunguza mwendo. Nikageuza shati la jela nje ndani, nikapanda.

Jumamosi nilichonga kutwa. Jumapili uliliona mwenyewe. Nilikuwa na nia ya kurudi Jumatatu, nilibakiza siku kumi na moja tu. Jumatatu mvua ikanyesha. Jumanne nikaona aibu. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Nilisubiri waje, hawakuja.

Sasa unajua. Usiende kufukua makaratasi.

Arvil


Tamarack, mgahawani mkabala na mahakama
2 Desemba 2023

Kaka,

Nilikuja jana, na nililala huku kwa sababu ya theluji. Naandika kabla ya kuendesha, mkono ukiwa bado una hamu.

Ulisema "usiende" mara mbili katika barua moja. Wewe mtu unayeweza kumaliza mwezi bila kusema kitu mara moja. Ulitegemea nini?

Karani wa mahakama ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anatafuna peremende. Nikamwambia mwaka. Akaacha kutafuna.

"Elfu moja mia tisa themanini na moja? Mama wee, hilo faili lilikuwa chini kwenye boila."

"Mnajuaje lipo, basi?"

"Mwaka jana tuliingiza karatasi zote za zamani kwenye kompyuta. Tangu hapo nimepata vizee kutoka majimbo tisa." Akanong'ona, "Mmoja ni padri."

Basi hiyo ndiyo sababu ya kuwa sasa na si zamani. Hakuna aliyekutafuta, Arvil. Ulikuwa umelala kwenye boksi karibu na boila.

Akaniitia naibu sherifu, mwanamume mnene mwenye soksi za rangi mbili. Akasoma, akahesabu kwa vidole.

"Kumi na moja? Tunamdai siku kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Na yuko wapi?"

"Kentucky."

"Mama, gari letu la wafungwa likifika mpaka wa kaunti tunaliombea. Hakuna anayekwenda Kentucky." Akasema barua ya kusema hivyo ataiandika, mkuu wake aipitishe, niisubiri Januari.

Ningeondoka hapo nimeridhika. Lakini karani akaniuliza kama nataka nakala ya faili, dola moja kwa ukurasa, kurasa saba, na mimi sijawahi kuacha bidhaa ya bei hiyo.

Ukurasa wa nne. Jiwe, uzito ratili mia mbili na kumi. Mshtakiwa hana gari. Hakimu alimwambia mshtakiwa kwamba akimtaja aliyelisafirisha jiwe, atapewa muda wa uangalizi tu, bila jela. Mshtakiwa akakataa. Akaulizwa tena. Akakataa. Siku tisini.

Nimekaa na ukurasa huo tangu jana saa tisa alasiri.

Tarehe ya wizi imeandikwa, Ijumaa, Februari 13, 1981. Jumamosi ya tarehe 14 mimi niliendesha pikapu kwenda nyumbani kuchukua cherehani ya mama. Nakumbuka kwa sababu wasichana wengine wa umri wangu siku hiyo walikuwa wanapewa maua. Wewe uliniomba nipitie kwako, na wewe na jamaa mmoja mkapakia kasha nyuma. Ukasema ni vipuri vya pampu ya baba. Nikalalamika njia nzima kwamba pikapu inavuta kulia.

Miaka yote hii nimewaambia watu kaka yangu alimnunulia mama jiwe peke yake, bila kuniomba hata senti, ili aniaibishe.

Arvil, nani aliendesha?

Delphia


Laurel Lick
20 Desemba 2023

Mdogo wangu Delphi,

Theluji imefika hadi ngazi ya pili. Mbwa anatoka, anajuta, anarudi. Lurene ameleta mkate wa mahindi na kikapu cha magogo, amesema ni ya mwanawe yamezidi. Magogo hayazidi Desemba, lakini nimeyapokea. Vidonge nimepata vya mwezi mmoja kutoka kliniki ya kanisa, usiniandikie kuhusu vidonge.

Unauliza kitu unachokijua.

Ulikuwa na siku sitini na moja kiwandani. Nilikuwa nahesabu, maana wewe mwenyewe ulikuwa unaniandikia kila wiki: siku ya thelathini, siku ya arobaini na tano. Mpaka zifike tisini wangeweza kukufukuza hata kwa kuchelewa dakika tano. Polisi angekuja getini akitaja jina lako, ungetoka na boksi lako siku hiyo hiyo. Ungesema hukujua, na ni kweli hukujua, lakini msimamizi gani angekaa kusikiliza msichana wa Kentucky mwenye miaka ishirini?

Mimi nilikuwa na mawe. Mawe yako kila mahali. Wewe ulikuwa na mlango mmoja.

Nilidhani nikikaa huku haitakugusa kamwe. Ndiyo maana sikuja harusini. Niliogopa wanikamate mbele ya watu wa Stan, halafu mtu aulize jiwe lilifikaje.

Nilitamani kuja. Viatu nilikuwa nimenunua.

Usilifanye jambo kubwa. Krismasi njema.

Arvil


Ypsilanti
8 Januari 2024

Kaka Arvil,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima.

Barua hii nimeianza mara nne. Mimi ni mtu ambaye kwa miaka thelathini na mitano nimesimama mbele ya watu wa benki na wa chama cha wafanyabiashara nikisema, nilianza na mikono miwili tu, hakuna aliyenisaidia. Nimelisema hata kwenye gazeti la mtaa, na picha. Kumbe hesabu ilikuwa na mtu ambaye sikumwandika. Sijui nifanye nini na jambo hili, kwa hiyo nitafanya ninachojua.

Kwanza, ndani ya bahasha hii kuna barua ya naibu sherifu. Mistari mitatu: kaunti haitakufuata, haitagharimia kukuleta. Ipeleke ofisi ya posho pamoja na fomu niliyojaza, weka saini pale nilipopiga msalaba, tuma kwa rejista, tunza risiti.

Pili. Barua hiyo inakurudishia posho. Haiifuti hati. Ukivuka mto na kusimamishwa kwa taa mbovu, naibu wa kaunti nyingine hana habari na soksi za huyu. Yule kijana wa tai anasema ukija mwenyewe, ukasimama mbele ya hakimu, kuna uwezekano mkubwa hati ifutwe kabisa. Nilimuuliza uwezekano mkubwa ni ngapi kwa kumi. Akasema nane. Nikamuuliza mbili zinakwenda wapi. Akasema, "Hakimu akiamua, anaweza kumweka ndani."

Nilimwambia pia nataka kuandika maelezo kwamba mimi ndiye niliyelisafirisha jiwe. Akacheka hadi tai ikanyooka. Anasema jambo hilo limekwisha kufa, na hata lingekuwa hai, dereva asiyejua anabeba nini hana hatia. Nikamwambia sikuuliza kwa ajili ya hatia.

Sitakulazimisha. Una karatasi ya posho, na hiyo peke yake inatosha kuni, vidonge na kodi. Ila mimi nina miaka sitini na tatu, wewe sitini na nane, na nyumba yangu ina chumba hujawahi kukiona.

Dada yako,
Delphia


Laurel Lick
4 Machi 2024

Delphi,

Imekuja. Ijumaa, pamoja na ya miezi iliyopita. Kadi ya matibabu imefufuka. Nimekwenda kuununua msumeno wangu. Yule bwana kanitoza dola ishirini zaidi ya alizonipa, anasema ameutunza. Hata mnyororo hakuunoa.

Ukidhani hapo ndipo ningeishia, nami nilidhani hivyo. Nimekaa siku hizi tatu na msumeno, posho na vidonge, kila kitu nilichokuwa nacho mwaka jana wakati huu, na sikulala vizuri. Mwaka jana sikujua kuwa unafikiri nilikuwa na kiburi.

Nakuja. Nimemwomba Lurene amlishe mbwa wiki tatu. Nilibakiza siku kumi na moja na nitazikaa. Sitaki mtu anisamehe kitu ninachoweza kukihesabu. Wewe niulizie tu kama nikikaa ndani siku hizo posho itakatika tena, maana sitaki kuanza upya na wale watu.

Niandikie basi linafika saa ngapi. Naleta maharage ya uzi.

Arvil


Ypsilanti
12 Machi 2024

Kaka,

Nimeuliza. Mtu akikaa ndani mwezi mzima wa kalenda, wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo wanasimamisha. Kumi na moja haijazi mwezi wowote, hata Februari. Tumepangiwa mbele ya hakimu Alhamisi, Aprili 18.

Basi linafika saa kumi na dakika ishirini jioni, Jumanne ya tarehe 16. Nitakuwa pale saa kumi kasoro robo, kwa sababu siwaamini.

Lete na vile viatu.

D.


Ypsilanti
6 Mei 2024

Kaka Arvil,

Naamini umefika salama, mbwa amekutambua, na Lurene amekwisha kukusimulia yote aliyoyaona dirishani mwako ulipokuwa hupo.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Tessa anasema nimeanza kujibu "sawa, sawa" kama wewe.

Bado nacheka nikimkumbuka hakimu. Msichana yule alizaliwa baada ya hati yenyewe! Na alivyoisoma, polepole, kidole kwenye mstari, kama mtu anayesoma barua ya bibi yake. "Bwana Slusher, unaiomba nini mahakama?" Na wewe, na masikio yako, ukapiga kelele hadi karani akameza peremende: "Siku zangu kumi na moja!"

Niliona yule kijana wetu amefunga macho. Nami nilihesabu zile mbili kwa kumi, nikaziona zimekuwa tano.

Sitasahau alivyokujibu. "Jela yangu ina vitanda arobaini na vyote vina watu. Hati imefutwa. Siku zilizobaki zimehesabiwa kuwa zimetumikiwa." Na wewe ukabisha! Na hakimu! "Hazijatumikiwa, mheshimiwa, nilikuwa nyumbani." Akasema, "Kama ni lazima ukae Michigan siku kumi na moja, bwana, naona kuna mama pale safu ya tatu anayelia kwenye kitambaa. Mwulize yeye kama ana nafasi."

Nilikuwa na mafua. Lakini nafasi ilikuwepo.

Siku ya kwanza ulilala. Ya pili ulizima mashine zangu mbili ukidai zinagonga, na kweli zilikuwa zinagonga. Ya sita tulipika yale maharage na Tessa akaomba uzi mwingine. Ya tisa nilikupeleka kwa Stan, umevaa vile viatu vya mwaka 1984, vimekubana, hukusema. Ulisimama pale na kofia mkononi muda mrefu, nikadhani unaomba, kumbe unasoma jiwe. "Herufi za mashine," ukasema. "Hazina shingo." Halafu ukapiga magoti, ukatoa tindo mfukoni, ukairekebisha ile S. Ile moja tu. Nimekwenda jana kuitazama. Sasa zile nyingine zote zinaonekana mbaya, na hilo nalo ni kosa lako.

Ya kumi na moja ulikunja shuka, ukatandika kitanda kwa kukaza kama walivyokufundisha jela, ukaniambia, "Zimetimia." Nilihesabu nami. Zilikuwa zimetimia.

Jumapili ya makaburi mwaka huu ni tarehe 26. Nakuja. Hotuba yangu ya mikono miwili nimeiacha, na nikifika nataka kukaa karibu na jiwe la mama niwaambie watu wa korongo nani alilichonga na nani alilibeba. Najua utajifanya husikii. Nitasema kwa sauti.

Nitaondoka Ijumaa asubuhi, kwa barabara ileile. Maua ya plastiki nimekwisha nunua, nitayapanga kwenye kioo cha nyuma. Na nikiona watu wanafyeka majani kando ya barabara, kaka, nitapunguza mwendo.

Dada yako aliyeendesha,
Delphia